Mama mwenye ndevu, na barua zenu zingine

Wapendwa wasomaji, safari hii kurasa hizi tumeziachia neno mama pamoja na wenzake baba, kaka, dada na bibi. Barua zilizoingia juu ya hayo maneno ni nyingi na zimetoka mbali kwelikweli, mpaka Muscat na Tbilisi, nikaona kuliko kuzijibu mojamoja kila toleo bora tuzimalize kwa mpigo, maana ukizisoma pamoja unakuta karibu wote mnauliza kitu kilekile. Zile ndefu nimezipunguza kidogo.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nasoma udaktari huku Tbilisi, Georgia, ile nchi siyo lile jimbo la Marekani. Nimepanga chumba kwa familia moja wana mtoto mdogo ndo kaanza kuongea. Sasa baba yake akirudi kazini mtoto anakimbilia mlangoni anapiga kelele "mama! mama!" na mama mwenyewe yupo jikoni wala hageuki. Mwanzo nikajua mtoto kachanganya tu, mpaka siku nikamsikia mtu mzima, mwanaume na ndevu zake, anaongea na simu anamtaja baba yake "mama". Hivi hawa wamegeuza wao au tumegeuza sisi? Na kwanini neno lenyewe lipo kila kona ya dunia?
Msomaji, Tbilisi

JIBU: Hakuna aliyegeuza mwanangu. Kwa Kijojia mama ni baba, na mama ndo deda, na hiyo deda unaishi nayo kila siku hapo mjini, inua macho tu kwenye kilima cha Sololaki utaliona lile sanamu la mwanamke la mita 20, mkono mmoja bakuli la mvinyo mkono mwingine upanga, linaitwa Kartlis Deda, yaani Mama wa Georgia, liliwekwa 1958 mji ulipoadhimisha miaka 1500. Bakuli ni la anayekuja kwa heri, upanga wa anayekuja kwa shari. Lugha ya mama wanaiita deda ena, na kile kitabu ambacho watoto wa Kijojia wamejifunzia kusoma, cha Iakob Gogebashvili cha mwaka 1876, jina lake ni hilohilo, Deda Ena. Alafu babu kwao ni babua, bibi ni bebia, najua hapo kwenye babua Mswahili yeyote lazima ashtuke.

Sasa kwanini. Naomba unisikilize hapa vizuri maana hili jambo nalipenda na linapotoshwa sana. Mkalie karibu mtoto wa miezi sita saba asubuhi akiwa ameshiba, hana shida na mtu, amelala chali anacheza na vidole vyake, utamsikia anaanza, babababa, mamamama, dadada, nanana, tatata. Hamwiti mtu yeyote. Anajaribu mdomo. Na sauti anazojaribu ndo zile ambazo mdomo wa mtoto unaziweza kwanza: m, b na p ni midomo tu inafunga na kufunguka, n, t na d ni ncha ya ulimi kugonga nyuma ya meno, na irabu a ni mdomo kuwa wazi basi, hakuna cha kupinda wala kubana. Hata mtoto wa Beijing, wa Tandale na wa Tbilisi wanaanzia hapohapo.

Anayegeuza hizo sauti kuwa neno ni mtu mzima aliyekaa pembeni. Mtoto anasema mamama, mama yake anaruka kwa furaha "umesikia? kaniita!" na kuanzia hapo kila mtoto akitoa ile sauti anabebwa, anachekewa, anapewa ziwa, mpaka na yeye anashika kwamba kumbe hii sauti inamleta huyu. Kwa Wajojia ni vilevile kabisa, ila kwao zamani sana ile mama ilidakwa na baba na ile dada, au deda, ikachukuliwa na mama. Na hawako peke yao. Wapitjantjatjara wa jangwa la katikati ya Australia na wao mama ni baba, hawana ujirani wowote na Wajojia wala hawajawahi kukaa nao meza moja.

Ila utaniuliza, mbona sehemu nyingi m inaangukia kwa mama? Profesa Roman Jakobson, mwanaisimu aliyezaliwa Moscow akafundisha sana Marekani, aliliandikia hilo makala iliyotoka 1960. Alisema mtoto akinyonya, midomo imebana ziwa, mdomo umejaa maziwa, sauti pekee inayoweza kutoka ni ya kupitia puani, mmm. Baadaye akiliona ziwa, au chupa, au akimwona tu yule anayemlisha, anatoa ileile mmm, na njaa ikimshika anaiunganisha na kilio mdomo ukiwa wazi, mmm-aa. Sasa anayekuja mbio ni nani kama siyo mama. Na alikuwa na hesabu mkononi, zilizokusanywa na Mmarekani mwenzake George Peter Murdock, maneno 1072 ya kumtaja mzazi kutoka lugha za dunia nzima, 531 ya mama na 541 ya baba, na katika yale ya mama asilimia 55 yana hizo sauti za puani wakati ya baba ni asilimia 15 tu. Kwahiyo m kwenda kwa mama ni mwelekeo, siyo sheria, na Georgia yako ipo kwenye zile zilizobaki.

Nakuongezea kitu kimoja kizuri maana umeniuliza kwa moyo. Wajapani siku hizi mama kwa Kijapani chao cha asili wanasema haha na baba wanasema chichi. Kuna mkusanyiko wa vitendawili vyao wa mwaka 1516 ndani yake kuna kitendawili hiki: mama nimekutana naye mara mbili, baba hata mara moja. Jibu lake ni midomo. Ukijaribu sasa hivi hakiingii, sema haha uone kama midomo inagusana, haigusani ng'o. Wataalamu walipokikuta wakajua kumbe mwaka ule neno lilikuwa linatamkwa na midomo inasogeana, fafa, kwa kupuliza, na zamani zaidi ya hapo lilikuwa papa. Yaani Wajapani wa kale walikuwa wanamwita mama yao papa! Na wakati huohuo wapo Wamohawk, wenyeji wa pande za New York na Quebec, lugha yao haina kabisa m wala b wala p, unaongea mchana kutwa bila kufunga midomo, na mama kwao ni ista.

Kwahiyo huyo mtoto wa mwenye nyumba wako anaongea sawasawa, muache na mama yake mwenye ndevu.

SWALI: Mhariri mi naona mnazunguka tu. Kichina baba ni baba na mama ni mama. Peru kule Wahindi Wekundu wanasema Pachamama, yaani Mama Dunia. Kituruki baba. Huu si ushahidi tosha kwamba lugha zote zimetoka kwenye Kiswahili au angalau Afrika? Kwanini hamuandiki ukweli?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Kaka yangu, hasira yako naielewa, tumenyimwa historia nyingi na mtu akiona kamba ya kuvuta lazima aivute. Ila hii kamba itakukatikia mkononi mbele za watu na mi sitaki uaibike. Umesoma hapo juu kwamba haya ni maneno ya mtoto mchanga, yanazaliwa upya kwenye kila nyumba yenye kitoto, hayahitaji jahazi wala msafara yafike mahali. Wachina wana bàba, Waturuki baba, Wayoruba wa Nigeria bàbá, Washona wa Zimbabwe baba. Washona na sisi ni ndugu kweli, lakini siyo hilo neno baba linalotuthibitisha.

Ukitaka kujua undugu wa lugha achana na maneno ya kitandani kwa mtoto, shika namba, viungo vya mwili, vitu ambavyo kitoto cha miezi saba hakiwezi kuvitamka kwa bahati. Chukua tatu. Sisi tatu, Wanyarwanda gatatu, Waganda ssatu, Wakikuyu ithatũ, Wazulu kuthathu, waongeaji wa Kilingala misato. Unaona? Hiyo ndo damu moja, kutoka Kampala mpaka Durban, na hata pale sauti zinapobadilika mara nyingi zinabadilika kwa utaratibu, siyo kwa neno moja tu. Sasa peleka hiyo tatu kwa wale wengine: Wachina wanasema san, Wajojia sami, Waquechua wenye hiyo Pachamama wanasema kimsa. Undugu hakuna hapo. Na mi naona historia ya kweli ya Wabantu, jinsi walivyosambaa nusu bara zima na lugha zao zikabaki zinajuana, ni kubwa ya kutosha mtu kujivunia bila kuiongezea chumvi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni dada wa kazi, niko Muscat. Bosi wangu ana kijana wake wa miaka mitano, kila akimwita anamwambia "njoo mama, kula mama, lala mama", kwa Kiarabu lakini hiyo mama anaisema hivyohivyo. Na baba naye binti yake anamwita baba! Nikajiuliza labda wanawatania. Alafu mimi nimeambiwa nimwite yule mwanamke mama na mume wake baba, na kwa umri mimi ni mkubwa kwake. Inaniuma kidogo. Nieleweshe.
Msomaji, Muscat

JIBU: Marahaba dada yangu, pole na kazi. Hawawatanii, ni mapenzi hayo. Waarabu sehemu nyingi, siyo Omani tu, mkubwa anamwita mtoto kwa cheo chake yeye mkubwa. Mama anamwambia mtoto mama, baba anamwambia mtoto baba awe wa kiume awe wa kike, hata ami anamwambia mtoto wa kaka yake ami. Ichukulie kama vile anasema mimi mama yako ndo naongea na wewe. Huko Ghuba utasikia pia yumma na yuba zinatumika kwa njia hiyohiyo, mtoto anamwita mama yake yumma na mama anamjibu mtoto yumma.

Na usione ajabu sana maana sisi wenyewe tuna ya kwetu, ila imekaa upande mwingine. Kule pwani na hata bara huku mama anamwambia kitoto chake cha kiume "baba, umeamka?", na cha kike "mama, njoo nikusuke". Mara nyingi mtoto amepewa jina la babu au la bibi yake, na mtu hawezi kulitaja jina la mzazi wake kama analitupa tu, kwahiyo kinaitwa baba au mama kwa heshima ya mwenye jina. Sasa linganisha: baba wa Tanga akimbembeleza binti yake anamwita mama, baba wa Muscat akimbembeleza wa kwake anamwita baba. Penzi ni lilelile.

Hilo la wewe kuwaita mama na baba ni desturi ya kazi za nyumbani karibu Ghuba nzima, na wanawake wa kutoka Ufilipino, Sri Lanka, Ethiopia wote wanafundishwa hivyohivyo, umri hauhesabiwi hapo. Ukiona inakuuma jaribu kumuuliza kwa upole kama unaweza kumwita madamu au kwa jina la mwanae, Umm fulani, kama sisi tunavyosema Mama Asha, wengi wanaipenda hiyo. Ila nakuomba sana dada yangu kitu kimoja, usikubali neno mama likafunika mkataba wako. Mtu akikwambia wewe ni kama mtoto wangu huku siku ya kupumzika hukupewa na mshahara umekaa, huyo wewe kwake ni mfanyakazi na haki yako ya mfanyakazi idai.

SWALI: Mhariri, majirani zetu hapa Arusha ni Wahindi wa Kigujarati, tumezoeana kitambo. Juzi kaja mgeni wao, mzee wa kiume, watoto wote wanamwita mama. Na yupo mwingine wanamwita kaka na ana mvi kichwa kizima. Nimeshindwa kuuliza nisionekane mshamba.
Msomaji, Arusha

JIBU: Wangefurahi ungewauliza. Kwa Kihindi na Kigujarati mama ni mjomba, kaka wa mama, na mke wake ni mami. Kaka ni baba mdogo, mdogo wake baba. Dada ni babu mzaa baba, nana ni babu mzaa mama, na mke wa nana anaitwa nani, kwahiyo ukisikia mtoto anaita "nani!" haulizi ni nani, anamwita bibi yake. Mpaka Afghanistan huko mama ni mjomba na kaka ni ndugu wa baba.

Sasa kilichonifurahisha kwenye barua yako ni kwamba umeandika kutoka Arusha, na safari fupi tu kaskazini ukivuka Namanga ukaenda kwa Wakikuyu unakuta hilohilo. Kwa Kikuyu mama ni mjomba! Mama mzazi ni maitũ. Hakuna aliyemkopa mwenzake. Ukiangalia utaona ile sauti imebaki palepale upande wa mama, ila imemshika ndugu yake wa kiume. Wazulu na Waxhosa wao wameweka wazi kabisa, mjomba ni malume, ma ya mama na lume ya mwanaume, ni mama aliye mwanaume. Na kwa mtu aliyelelewa kwa wajomba haina haja ya kumueleza, maana mahari ikijadiliwa ni nani anayesubiriwa kikao hakianzi mpaka afike.

SWALI: Mimi ni mwanamke wa Nakuru nimeolewa Tanga. Siku ya kwanza mume wangu alipoletwa kwetu mjomba wangu akamuuliza "na bibi yako anaendeleaje?" akimaanisha mimi, mume wangu akajibu kwa huzuni kabisa "bibi tulimzika mwaka juzi". Nyumba nzima ilinyamaza. Nani anakosea kati yetu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole wifi yetu, na hongera kwa ndoa. Hakosei mtu. Bibi limetufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi na asili yake ni mwanamke wa heshima, mwenye nyumba yake. Kiurdu mpaka leo bibi ni mwanamke mheshimiwa. Sasa ukiwa na neno la heshima kwa mwanamke lazima watu wataligawana. Kenya likaenda kwa mke, maana kuna bwana basi na bibi, wanalingana, na bibi mzaa mama au mzaa baba akaitwa nyanya au cucu au vyovyote. Tanzania likapanda kwa mwenye umri, likawa mama wa mzazi wako, na mke akabaki mke.

Lakini Watanzania tusijifanye tumelisahau kabisa lile la Kenya, kwani harusini tunasema nini? Bwana harusi na bibi harusi. Pale bibi ni mwali wa miaka 23 na hakuna mtu anayetafuta mkongojo. Na kwenye barua za ofisini Bi. fulani ni mwanamke wa umri wowote ule. Kwahiyo lile la zamani bado tunalo ndani ya kabati letu wenyewe. Na nyanya nayo ujihadhari nayo, ukimwambia wifi yako wa Tanga "nyanya yangu amelazwa" atajua unaongelea mambo ya sokoni. Ushauri wangu, kwenye vikao vya familia zote mbili semeni mke na bibi mzaa fulani, inachukua sekunde moja zaidi na haimziki mtu.

SWALI: Niko Lyon, Ufaransa. Nilimwona rafiki yangu wa Temeke ng'ambo ya barabara nikaita kwa nguvu "kaka! kaka!", watu wakageuka, mtoto mmoja akacheka mpaka akakaa chini. Nini hiyo?
Msomaji, Lyon

JIBU: Kwa Kifaransa kaka ni choo kubwa kwa lugha ya watoto, na Kihispania hivyohivyo, Kijerumani hivyohivyo, Kifini kakka. Huyo mtoto ulimfurahisha siku nzima. Kwa Kiajemi ungepona, maana huko kaka ni ndugu wa kiume kama kwetu. Barabarani huko muite jina lake.

SWALI: Nilisoma Moscow miaka ya sabini, Chuo cha Patrice Lumumba. Nilipofika nilijitambulisha kwa mwalimu wetu kwamba kwa heshima kwetu mwanaume mtu mzima anaitwa baba. Akanyamaza akaniambia taratibu nisimwite mtu hivyo hapa. Sikuuliza zaidi, na sasa mjukuu wangu ananiuliza. Nisaidie.
Mzee, Bukoba

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na heshima kwenu kizazi cha Lumumba, kile chuo kilifunguliwa 1960 na wengi wetu tumetibiwa na kufundishwa na watu waliotoka pale. Kwa Kirusi baba ni mwanamke, zamani mwanamke wa kijijini, na siku hizi ukimwita mwanamke hivyo unamdharau, na ukimwita mwanaume hivyo ndo umemwambia hana ujasiri. Mwalimu wako alikuokoa. Lakini ukimlainisha kidogo anakuwa babushka, bibi, na hapo ni mapenzi matupu.

Ukisogea Ukraine, Serbia au Bulgaria ile baba yenyewe bila kulainishwa ndo bibi, na ni neno la heshima. Wabulgaria kila tarehe 1 Machi wanamsherehekea Baba Marta, Bibi Machi, bibi mwenye hasira za ghafla kama hali ya hewa ya mwezi wenyewe, na watu wanavalishana nyuzi nyekundu na nyeupe mkononi mpaka waone mti wa kwanza umechanua au korongo amerudi, ndo wanazivua. Mwambie mjukuu kwamba kule Baba anavaa kilemba na gauni. Na Hungaria baba ni kitoto kichanga, au mwanasesere, Japani ni bibi kizee na siyo kwa adabu. Kwetu tunaita Baba wa Taifa, na Wakenya nao walimwita Raila Odinga Baba mpaka jina lake halikuhitajika kutajwa.

SWALI: Hapa Goma nyumbani baba anaitwa tata kwa Kilingala, na shangazi aliyerudi kutoka Ubelgiji anataka watoto wamuite tata. Watoto wanachanganyikiwa nani anaitwa.
Msomaji, Goma

JIBU: Wote wawili wako sahihi. Kilingala tata ni baba, Kixhosa pia, ndo maana Mandela aliitwa Tata, na Wapolandi na Waromania wako hivyohivyo. Kifaransa tata ni shangazi, na Wakikuyu nao tata ni shangazi, Watelugu wa India ni babu. Mpeni huyo shangazi jina lake mbele, Tata fulani, baba abaki tata tupu. Na mkihamia Madagaska mjiandae, kule dada ni baba na dadabe ni babu, yaani baba mkubwa.

SWALI: Mimi nasoma darasa la sita Bagamoyo. Kwanini Papa wa Roma anaitwa jina moja na samaki?
Mwanafunzi, Bagamoyo

JIBU: Swali zuri sana mwanangu. Hayo ni maneno mawili tofauti yamekutana tu sura. Papa wa Roma limetoka kwenye Kigiriki pappas, ambalo mwanzo lilikuwa neno la mtoto la kumwita baba, likaingia Kilatini likawa papa, na sisi tukalipokea, na ndo maana tunamwita pia Baba Mtakatifu, tunarudia palepale. Waarabu hawana sauti p, kwahiyo kwao ni al-Baba. Yule samaki wa baharini, ambaye nyinyi Bagamoyo mnamjua kuliko mimi, hahusiki kabisa na safari hiyo. Na wenzenu wa Amerika ya Kusini wanaoongea Kihispania wana kazi kubwa zaidi yenu: Papa wa Roma kwao ni el papa, kiazi ulaya ni la papa kutoka Kiquechua, na baba ni papá, tofauti ni hako kamstari ka juu ya a ya mwisho na pale unapoweka mkazo, kwahiyo walimu wao wanakazania sana hako kamstari. Mwonyeshe mwalimu wako wa Kiswahili hii halafu mtuandikie darasa zima mmekuta mengine gani.